Siku Tuliyomtoa Kuhani

Mzee wa kanisa alisimama katikati ya sebule yangu kule Komarock, Nairobi, kofia mkononi, akaniuliza kama niko tayari kumtoa kuhani katika kundi letu. Nikajibu, "Tutamtoa, mzee." Sikuomba nafasi ya kufikiri, wala sikumtazama mdogo wangu, ambaye kuhani yule alikuwa wake. Niliitikia upesi kama mtu aliyeitwa na mwajiri. Sasa nimezeeka, na katika makosa yangu, ambayo si machache, hilo ndilo ningelichagua kama ningeruhusiwa kulifuta moja tu.

Kuhani mwenyewe hakuwa mtu. Alikuwa kisanamu cha mti, urefu wa kidole, amevaa joho na kushika fimbo, na mbele yake juu ya meza palikuwa na rundo la maharagwe. Inanibidi nieleze tulivyofika hapo, maana hata watoto wangu nikiwasimulia hudhani nimeota.

Miaka ya tisini ilipoanza nilikuwa karani wa bohari Industrial Area. Meneja wetu, mgeni kutoka ng'ambo, alimaliza mkataba wake akagawa vitu vya nyumbani kwake. Wenzangu walichukua pasi, mapazia na masufuria. Mimi nilichelewa kwa sababu ya mzigo uliofika, nikaambulia kisanduku cha karatasi ngumu chenye vitabu viwili na dadu za maumbo ambayo sikuwa nimeyaona: nyingine zilichongoka kama paa la nyumba, nyingine zilikuwa na pande nyingi mno. Juu ya kisanduku palichorwa watu wamesimama mbele ya pango wakiwa na mwenge.

Nilivisoma vile vitabu wakati wa chakula cha mchana, nimekaa juu ya magunia. Ulikuwa mchezo usio na ubao. Mtu mmoja anasimulia: mmefika mtoni, daraja limevunjika, upande wa pili kuna kitu kinanguruma. Wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi, na anasema mtu huyo afanye nini. Dadu ndizo zinazoamua kama atafaulu. Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne, na tangu nitoke shule hakuna aliyewahi kunihitaji nisome kitu kirefu kuliko hati ya kupokelea mizigo. Nilijisikia mtu tena.

Lakini sikuupeleka nyumbani kwa sababu hiyo. Niliupeleka kwa sababu ya mdogo wangu.

Alikuwa amemzika mkewe kule kwetu magharibi, kisha akaja kukaa nami. Asubuhi alisimama kwenye mageti ya viwanda pamoja na wanaume wengine akingoja kuokotwa kwa kibarua. Jumamosi kazi iliisha mchana, na mchana huo ndio uliokuwa ukimmaliza. Alipita nyumbani, akabadilisha shati, akaenda ng'ambo ya machimbo ya mawe kunywa pombe ya kienyeji. Alirudi akishikilia kuta za watu. Hakufanya fujo. Afadhali angefanya, ningejua la kumwambia. Sisi wanaume wa kwetu hatukai chini tukaulizana habari za majonzi. Tunaulizana kama mtu amekula. Basi nilimwuliza kama amekula, siku baada ya siku, na yeye akajibu kwamba amekula, na kila mtu aliyemwona alijua anazama.

Nikafikiri: nikiweza kuichukua Jumamosi, labda nitampata.

Kitabu kilisisitiza jambo moja kuliko mengine yote, kwamba kundi lazima liwe na mizani. Lisiwe la watu wa panga watupu. Awepo wa kusimama mbele na kupokea mapigo, awepo wa kupiga kutoka mbali, awepo wa kufungua kufuli na kutegua mitego, na awepo wa kuwaponya wenzake, maana bila huyo wengine wote ni maiti wanaotembea. Kulikuwa pia na mchawi. Huyo nilimruka. Ilikuwa miaka ambayo kila mtu mtaani alikuwa na kisa cha mashetani: pete iliyookotwa, mkufu uliomkaba mtu, wageni wanaotoa lifti wakiwa na kwato badala ya miguu. Hakuna ambaye angekubali kuitwa mchawi sebuleni kwangu, hata kwa mchezo, na mimi mwenyewe nisingetaka majirani walisikie neno hilo kupitia dirishani.

Nilimwita jirani yetu, mchongaji kutoka Ukambani, mtu mnene mwenye sauti ndogo aliyekuwa akichonga twiga na vifaru vya kuuzia watalii. Nilimwita pia dereva wa lori la bohari yetu, aliyekuwa akiishi Donholm, mtu wa maneno mengi. Mke wangu akasema hawezi kuwaacha wanaume wanne na viti vyake vipya, basi naye akakaa.

"Nani atakuwa mwizi?" niliuliza.

"Mimi," dereva akasema kabla sijamaliza. "Hiyo job nimezoea."

"Ndiyo maana lori linakunywa dizeli kama ng'ombe," mchongaji akamwambia.

"Maze, fundi, usiniharibie jina mbele ya karani."

Mchongaji akachukua mtu wa mbele, mwenye ngao na upanga. Mke wangu akachukua wa mishale, akasema anapenda kazi ya kumpiga mtu bila kumkaribia. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye stuli karibu na mlango, tayari amebadilisha shati. Nilitaka nimpe mtu wa pili wa upanga, nikidhani mwanaume aliyevunjika atapenda kupiga kitu. Hakukitazama kitabu. Alisema, "Huyo wa kuponya anafanya nini?"

"Ni kuhani. Mwenzake akiumia, anamwombea, nguvu zinamrudia."

"Na akishindwa?"

"Mwenzake anakufa."

Akavuta stuli hadi mezani. "Nipe huyo."

Nguvu za kila mtu tulizihesabu kwa maharagwe. Ukipigwa, unasukuma maharagwe katikati ya meza. Kuhani akikuponya, unarudishiwa. Dadu kubwa kuliko zote ilikuwa imepotea kabla sijapewa kile kisanduku, basi tuliandika namba kwenye vizibo vya soda tukavitia ndani ya mkebe, na kila mtu alipotaka kujua bahati yake alitia mkono bila kutazama. Mchongaji naye hakuridhika kucheza na watu wasioonekana. Jumamosi ya pili alikuja na visanamu vinne vilivyofungwa ndani ya leso: mwenye ngao, mwenye upinde, mwizi aliyeinama, na kuhani.

Sijui mdogo wangu alijifunza wapi kucheza vile. Kitabu hakikumtaka kuhani aseme lolote. Ilitosha kutaja kwamba anaponya, kisha achote kizibo. Lakini yeye kila mara mtu alipoumia alimgeukia mwenyewe, si kisanamu, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Umeumia wapi?" Na ilibidi umjibu. Ukisema bega, anauliza bega lipi. Halafu anafumba macho, anaweka kidole juu ya kichwa cha kisanamu chako, anasema maneno mawili matatu, ndipo anachota.

"Hata mathee wangu aliyenizaa hajawahi kuniuliza hivyo," dereva alisema mara ya kwanza, na tukacheka, lakini niliona macho yake yamelowa kidogo. Baadaye ilikuwa desturi. Mchongaji alianza kubuni majeraha yenye maelezo marefu ili aulizwe zaidi. Mke wangu, aliyekuwa hamsemeshi shemeji yake isipokuwa kumwambia chakula kiko tayari, alijikuta akimweleza kwamba mishale imemchubua kiganja, na ya kuwa kiganja hicho pia kweli kinamuuma kwa sababu ya kufua.

Walijifunza mizani bila kusoma kitabu. Mwizi alitangulia hatua chache, akipapasa. Mwenye ngao alifuata. Kuhani katikati. Mwenye upinde nyuma, akitazama walikotoka. Mtu yeyote akijisahau akamwacha kuhani pembeni, wote walimfokea. "Mrudishe daktari wetu ndani!" dereva alizoea kusema. Nilikuwa nikiwatazama kutoka upande wangu wa meza, kitabu magotini, nikimwona mdogo wangu amezungukwa na watu ambao kazi yao kubwa ilikuwa kuhakikisha hakuna kinachomfikia. Alikuwa hajakaa mahali kama hapo tangu mazishi.

Hakuacha pombe kabisa. Siwezi kudanganya. Lakini Jumamosi alikuwa wetu, na Jumapili alianza kuonekana kanisani akiwa amenyoa ndevu.

Kanisani ndipo mambo yalipoharibikia. Jina langu lilikuwa limetajwa ili niwe mmoja wa wazee wa kanisa, na lilikuwa linasubiri kuthibitishwa. Naye yule mzee aliyeongoza ushirika wa mtaa wetu alikuwa msimamizi katika kiwanda kimoja, na alikuwa ameniambia ataangalia kama mdogo wangu anaweza kupata kazi ya kudumu. Nilimheshimu. Nilimwogopa pia, kwa jinsi unavyomwogopa mtu ambaye neno lake moja linaweza kukufungulia milango miwili.

Alikuja Jumamosi bila taarifa. Katika hadithi, kundi lilikuwa chini ya machimbo. Nilikuwa nimeyaacha majumba ya mawe ya kitabu nikasimulia kijiji ambacho maji yake yamekauka kwa sababu mnyama amekalia chemchemi chini ya ardhi, na watu wetu wanne walikuwa wameshuka kumwondoa. Mwenye ngao alikuwa ameng'atwa vibaya. Mchongaji alikuwa amebaki na maharagwe ya kuhesabika. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Mdogo wangu alikuwa amefumba macho, kidole juu ya kisanamu, midomo ikisogea.

"Hodi humu."

"Karibu, mzee," mke wangu akasema, akisimama.

Hakukaa. Aliutazama mkebe, akavitazama visanamu, akamtazama mdogo wangu aliyefumbua macho kwa kushtuka.

"Mnafanya nini?"

"Tunacheza tu, mzee," dereva akasema. "Ni kama drafti."

"Drafti naijua. Drafti haifumbi macho." Akamgeukia mdogo wangu. "Kijana, ulikuwa unamwomba nani?"

"Si mimi, mzee. Ni huyu." Akaonyesha kisanamu.

"Haya. Huyu alikuwa anamwomba nani?"

Kitabuni palikuwa na miungu yenye majina marefu. Mimi nilikuwa nimeyaruka, nikasema tu mungu wa mlimani, nikidhani nimeepusha shari. Mdogo wangu angeweza kudanganya. Hakuwa na tabia hiyo.

"Mungu wa mlimani, mzee."

Mzee hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema hakatazi mchezo. Watu wakikaa nyumbani ni heri kuliko kukaa kwenye pombe. Mapanga na mishale, hata huyo mwizi wetu, ni mambo ya dunia, na kila mtu anajua ni utani. Lakini kuomba si utani. Sanamu mezani, watu wanachota kutoka kwenye mkebe kama wapiga ramli, halafu mmoja anafumba macho kumwomba asiye Mungu, tena katika nyumba ya mtu ambaye jina lake liko mbele ya kanisa? Akavua kofia aliyokuwa amesahau kuivua.

"Ndugu yangu, uko tayari kumtoa kuhani huyu?"

"Tutamtoa, mzee."

Mchongaji akakichukua kisanamu cha kuhani mezani polepole, akakitia mfukoni, kama mtu anayeficha kitu cha aibu cha mgeni. Mdogo wangu aliangalia mahali pale palipobaki wazi kati ya mwenye ngao na mwenye upinde. Mzee akatuombea, akakataa chai, akaenda zake.

Jikoni mke wangu alinisubiri nifunge mlango.

"Umemwacha mwizi, ukamtoa anayeponya."

"Si mimi. Ni mzee."

"Mzee aliuliza. Aliyejibu ni wewe."

"Ungetaka niseme nini, mama watoto? Nibishane naye?"

"Mwite daktari basi. Mpe mkoba na bendeji, afungue macho, asiombe mtu. Mzee mwenyewe akiumwa si huenda kwa daktari?"

Nilijua amesema kweli. Ilikuwa rahisi hivyo. Ningeweza kwenda kwa mzee Jumapili, nikamweleza, na nina hakika angekubali, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Lakini niliwazia jinsi itakavyoonekana: mtu anayeomba uzee wa kanisa, badala ya kutii, anarudi na ujanja wa kuibadilishia sanamu nguo. Nikamwambia mke wangu tungoje kwanza kanisa limalize kunithibitisha. Pia, nikasema, mdogo wangu mwenyewe anahitaji ile kazi. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa kidogo, ili asikie.

Jumamosi iliyofuata alikuja mezani. Wakati mwingine ndilo linaloniumiza zaidi, kwamba alikuja. Nilikuwa nimemwambia nitampa mtu wa upanga. Mchongaji hakuwa amepata muda wa kuchonga mpya, basi alileta askari mwenye mkuki aliyekuwa amemchonga kwa ajili ya watalii, mkubwa mara mbili ya wenzake.

"Huyu ni ndugu yetu ama ni mlingoti wa bendera?" dereva akauliza.

Mdogo wangu alitabasamu kwa adabu. "Mimi sijui kupiga," akaniambia.

"Utajifunza."

Wakashuka tena. Walijipanga vilevile, na mdogo wangu, kwa mazoea, akamweka yule askari mkubwa katikati, mahali pa kuhani. Hakuna aliyemwambia asogee mbele. Mwizi akatangulia, akapapasa ukuta, akachota kizibo kibaya. Jiwe likamwangukia. Dereva akasukuma maharagwe yake karibu yote katikati ya meza, kisha akageuka kumtazama mdogo wangu. Mchongaji naye akageuka. Mke wangu akasema, "Shemeji..."

Wote walikuwa wanangoja amwulize dereva ameumia wapi. Niliuona mkono wake ukitoka chini ya meza, ukafika nusu ya njia kuelekea kwenye kisanamu cha mwizi, ukarudi.

"Mimi nina mkuki tu," akasema.

Mwenye kusimulia ana uwezo wote. Ningeweza kuotesha dawa ukutani. Ningeweza kuleta mzee wa kijiji mwenye mafuta ya kupaka, au kumfanya mnyama alale usingizi. Kitabu chenyewe kiliruhusu. Sikufanya hivyo. Nilikuwa nimeukasirikia ule ukimya wao, nikauchukulia kama hukumu juu yangu, nikataka kuwaonyesha kwamba mchezo unaweza kwenda bila kuhani. Kwa hiyo nilifuata sheria, mstari kwa mstari, kama karani.

Mwizi akafa kwa pigo lililofuata.

"Nimeenda hivyo tu?" dereva akauliza.

"Umeenda."

"Bila hata mtu kuniambia pole?"

Alitaka iwe mzaha, lakini haikutoka hivyo. Mchongaji akasimama mbele kama alivyozoea, akapokea mapigo kama alivyozoea, na kila alipopigwa maharagwe yalikwenda upande mmoja tu. Alikuwa akiyasukuma kwa kidole, moja moja, akitikisa kichwa. "Nilikuwa najua naweza kusimama hapa," alisema, "kwa sababu kulikuwa na mtu nyuma." Mwenye ngao akaanguka. Mishale ya mke wangu ikamwishia, akachomoa kisu, akaanguka naye. Nje watoto walikuwa wakigombania mpira, na ndani hapakuwa na sauti isipokuwa ya vizibo ndani ya mkebe.

Akabaki mdogo wangu peke yake. Rundo lake la maharagwe halikuwa limeguswa, kwa kuwa alikuwa amekaa pale katikati, mahali walipokuwa wamemkinga bila kujua tena wanamkinga kwa nini.

"Mnyama anakuja," nikasema. "Unafanya nini?"

"Nakaa nao."

"Na nani?"

"Hawa waliolala."

"Huwezi kukaa. Piga, au kimbia. Mlango wa juu uko wazi."

"Kaka, nimekuambia nakaa nao."

Nilichota kizibo cha mnyama. Kabla sijasema namba, alikusanya maharagwe yake yote kwa mikono miwili akayasukuma katikati, yakachanganyika na ya wengine.

"Basi," akasema. "Nimemaliza."

Akasimama, akarudisha stuli mahali pake karibu na mlango, akatoka. Dereva alikwenda dirishani. "Anaelekea machimboni," akasema. Hakuna aliyemfuata. Nami sikumfuata. Mke wangu alianza kuokota maharagwe akiyarudisha kwenye bakuli, na machozi yalimtoka, na mimi nikajifanya nasoma.

Hatukucheza tena. Mdogo wangu aliendelea kulala kwangu kwa muda, lakini Jumamosi zilirudi zilikokuwa, kisha zikameza Ijumaa, na baadaye hata siku za kibarua. Aliponiambia amepata pa kulala na wenzake upande wa Industrial Area, karibu na mageti, ili awahi asubuhi, nilijua anaondoka kwangu. Nilisema ni wazo zuri.

Mke wangu ndiye aliyenisukuma nikamtafute. Nilimkuta ng'ambo ya machimbo, amekaa kwenye ubao na watu ambao hakuna aliyeongea na mwenzake. Alinipisha nafasi nikae.

"Kaka, sina ugomvi na wewe," akasema kabla sijaanza.

"Basi rudi nyumbani. Shemeji yako anakuuliza. Dereva anauliza. Kila mtu."

"Nirudi nifanye nini?"

"Tutacheza. Tutamrudisha kuhani. Atakuwa daktari, kila kitu sawa."

Alinigeukia. Uso wake ulikuwa umevimba, lakini macho yalikuwa ya mtu anayesikiliza kwa nguvu zake zote. Nadhani kama ningesema, "Leo," angesimama pale pale.

"Lini?"

Nami, Mungu anisamehe, nilisema, "Wakishanithibitisha tu. Haitachukua muda."

Alikubali kwa kichwa mara kadhaa. "Sawa. Nitakuja hapo." Akaniuliza kama nimekula.

Walinithibitisha. Nilisimama mbele ya kanisa nikiwa na suti ya kuazima, na mzee yule akanishika mkono kwa furaha ya kweli. Ile kazi ya kiwandani ilikuwa imepewa mtu mwingine. Aliniambia hivyo akiwa amesikitika, akasema kijana hakuwa akionekana getini tena. Jumatatu nilipanga kwenda kumtafuta mdogo wangu Jumamosi. Jumamosi kulikuwa na kikao cha wazee. Na Jumamosi ya baadaye kulikuwa na harusi ambayo nilitakiwa kuketi mbele.

Dereva ndiye aliyeniletea habari, kule boharini, katikati ya kazi. Hakuwa na maneno mengi siku hiyo. Alisema, "Karani, weka kalamu chini." Mdogo wangu alikuwa amekunywa pombe mbaya pamoja na wengine katika chumba walichokuwa wakilala. Wenzake waliamka wakiumwa macho na tumbo. Yeye hakuamka. Hakuna mtu chumbani aliyejua kwamba ana kaka Komarock. Dereva aliipata habari kwa bahati tu, kwa kupita pale na lori na kuona watu wamesimama.

Tulimzika magharibi, kando ya mkewe. Mchongaji alisafiri nasi, na dereva pia. Mke wangu alirudi Nairobi akaendelea kunipikia na kunilelea watoto, na hatukuwahi kuachana, lakini tangu siku hiyo hakuniambia tena linalomuuma. Nimekuwa mzee wa kanisa kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Ili niitwe hivyo, nilimwondolea ndugu yangu mahali pekee alipokuwa anaweza kuishi, na alikufa akingoja nimrudishe.